Mpiga Picha na Neno Njaa

Tulipoombwa kuandika insha kwa ajili ya kitabu hiki cha utamaduni, wenzetu walikwisha kujigawia mambo yaliyo dhahiri: huyu ngoma za jando na unyago, yule mavazi ya harusi, mwingine methali na vitendawili. Sisi tulichelewa kujibu barua, na tulipojibu tuliomba ruhusa ya kuandika juu ya mtu mmoja tu, naye ni mpiga picha wa habari za televisheni. Mhariri alituuliza, kwa adabu yake yote, televisheni na utamaduni wa taifa vina udugu gani. Tulimjibu kwamba katika utamaduni wa watu yamo pia yale wanayokubali kuyatazama na yale wanayoyapa kisogo. Jibu hilo lilimridhisha. Walakini tulikuwa na sababu nyingine, ya faragha, ambayo tutaifikia kwa wakati wake.

Mtu tunayemkusudia ni Mohamed Amin, ambaye wenzake wa kazi walizoea kumwita Mo. Alizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943, katika nyumba ya wazazi wenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli. Jamaa ile ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko kijana alikosomea, na ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, kile kisanduku cheusi cha Box Brownie ambacho wazee wetu wengine wanakikumbuka. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka kama 20, alianzisha katika mji huo huo shirika lake la picha, akaliita Camerapix. Kwa hiyo tusidanganyike na umaarufu alioupata baadaye katika miji ya mbali. Huyu alikuwa mtoto wa pwani hii kwa malezi, na vumbi la mitaa ya Dar es Salaam ndilo lililoingia kwanza katika kioo cha kamera yake.

Hapa tuombe radhi tuseme neno juu ya lugha, maana sisi ni watu wa mashairi na hatuwezi kupita karibu na neno bila ya kulisalimu. Kiswahili husema kupiga picha, kama kisemavyo kupiga ngoma, kupiga hodi na kupiga kura. Hatushiki picha, wala hatuichukui kama mtu achukuavyo kitu cha mwenziwe; twaipiga, na kinachopigwa hutoa sauti. Tena mtu huyu, ambaye kazi yake haikuwa kalamu, bado tunamwita mwandishi wa habari. Walimu wa sarufi wanaweza kutucheka, lakini sisi tunaona lugha haikukosea.

Mwaka 1964 ulipoanza, historia ilikuja yenyewe kumbishia hodi kijana huyu. Tarehe 12 Januari yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na yeye alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa mwanzo kufika kisiwani. Siku nane baadaye askari wa Tanganyika Rifles wakaasi katika Dar es Salaam yenyewe. Katika mwezi mmoja aliyaona mambo ambayo mwandishi mwingine huenda asiyaone maisha yake yote. Ujana na bahati, hata hivyo, havikumkinga na hatari za kazi hiyo. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar, akawekwa gerezani kwa muda wa wiki zipatazo nne, na kwa maelezo yake mwenyewe akateswa humo. Kisha akaondoshwa, akafanya makao yake Nairobi. Huko, Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi katika barabara iliyokuwa ikiitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Amin aliwahi kufika pale na kamera yake. Picha alizopiga siku ile zilimpatia tuzo la mpiga picha bora wa televisheni huko Uingereza. Ni tuzo zito kulipokea, ukifikiri limetokana na nini.

Mwanafunzi wa leo, ambaye hurusha picha kwa simu kabla tukio halijakwisha, huenda asifahamu kazi ile ilikuwa ya namna gani. Mpiga picha alibeba mtambo mzito begani, na filamu ndani yake ilikuwa ya dakika chache tu. Kila sekunde aliyoipoteza ilikuwa imepotea. Filamu haikuweza kutazamwa palepale. Ilifungwa katika mkebe, ikaandikiwa karatasi ya maelezo, ikakimbizwa kiwanja cha ndege, ikapewa ndege ya kwenda London, na huko ndiko ilikosafishwa, ikakatwa na kuunganishwa. Mtu aliyepiga picha Nairobi au Kampala angeweza kukaa siku mbili tatu asijue kama kazi yake imetoka njema au imeharibika. Kwa sababu hiyo mwandishi wa televisheni alihitaji ujuzi wa aina mbili: wa kamera, na wa watu. Ilimpasa amjue karani wa forodha, rubani, dereva wa teksi, na yule askari wa zamu ya usiku. Amin aliwajua wote hao. Aliwapelekea picha Visnews, lile shirika la London lililouza habari za picha kwa vituo vya televisheni vya nchi nyingi, na baadaye akawa mkuu wa kazi zake katika Afrika. Uganda ya miaka ya 1970 aliiona kwa karibu. Vita vingi vya bara hili pia. Tungeweza kuyaorodhesha hayo yote, lakini orodha ya vita huchosha, na jambo lililotufanya tushike kalamu liko Ethiopia.

Ili jambo hilo lieleweke, yafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1973 jimbo la Wollo lilipatwa na njaa kuu, na serikali ya Mfalme Haile Selassie ikanyamaza. Mwandishi wa televisheni wa Kiingereza, Jonathan Dimbleby, alifika huko akatengeneza filamu iliyoonyeshwa kwao mwezi Oktoba mwaka huo. Yaliyofuata yanashangaza. Mwezi Septemba 1974, usiku wa kuamkia siku ya kumwondoa Mfalme, maofisa wa jeshi walioshika madaraka waliionyesha filamu hiyo kwa wananchi wao wenyewe, wakaichanganya na picha za karamu za jumba la kifalme. Njaa iliyofichwa ndiyo iliyotumiwa kuhalalisha kumvua Mfalme taji. Basi mtu angedhani kwamba watawala wale wapya, waliojua vizuri kuliko wote gharama ya kuficha njaa, wasingeificha kamwe. La hasha. Mwezi Septemba 1984, walipotimiza miaka 10 ya utawala, mji wa Addis Ababa ulipambwa kwa matao na mabango, wageni wakaalikwa, na gwaride likapita. Wakati huo huo watu wa Wollo na Tigray walikuwa wakishuka milimani kutafuta chakula, na waandishi hawakupewa ruhusa ya kwenda kaskazini.

Ruhusa ilipatikana baada ya sherehe, na Amin hakuwa mgeni katika kubisha milango ya maofisi. Mwezi Oktoba alifika Mekele na Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zao zilionyeshwa London tarehe 23 Oktoba 1984, na baada ya hapo zikaenea katika vituo zaidi ya 400 vya dunia. Watu wengi wanakumbuka sauti ya Buerk na maneno yake. Ni haki yake. Lakini aliyesimama katika baridi ya alfajiri, jicho moja limefumba na jingine li kiooni, hakuonekana wala hakusikika.

Dar es Salaam, mji uliomlea mpiga picha huyu, haukuziona picha hizo siku hiyo. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi. Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Sisi mwaka ule wa 1984 tulikuwa na umri wa miaka 14. Baba alikuwa na redio ya betri, na kila jioni tulikaa kimya kuisikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania. Tulisikia kwamba kuna ukame Ethiopia na kwamba watu wengi wamekufa. Baba alitikisa kichwa akasema, "Maskini, Wahabeshi." Kisha mama akaleta chakula, tukala. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu wazazi wetu. Neno "wengi" likisemwa redioni huwa halina uso.

Nyuso tuliziona mwaka 1998, tulipokuwa karani wa habari katika utumishi wa serikali na kupelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya muda mfupi. Mkufunzi wetu alileta ukanda wa video, akauweka mtamboni, akafanya jambo ambalo hatukulitazamia: alizima sauti. Alitaka tujifunze yale yaliyofanywa na kamera peke yake. Tuliona uwanda wa Korem kunapopambazuka, ukungu na moshi, na maelfu ya watu waliojifunika mashuka yao, wengine wameketi, wengine hawatainuka tena. Kamera haikuharakisha. Ilikwenda polepole kama mtu apitaye msibani, akimtazama kila mmoja kwa kipimo cha heshima, kisha akasogea. Tuliona maiti zilizofungwa katika nguo na kulazwa kwa safu, kubwa na ndogo. Ukanda ulipokwisha, hakuna aliyeomba urudishwe.

Ndipo mwenzetu mmoja, mwalimu wa zamani, aliposimama akasema kwa hasira kwamba mtu yule amewavua nguo ndugu zetu mbele ya wageni. Mjadala ulituchukua hadi saa ya chakula, na kwa kweli hatujaumaliza mpaka leo. Mwalimu yule alikuwa na hoja. Kutokana na picha zile yalifanyika mengi: nyimbo zilirekodiwa, matamasha yakafanywa siku moja London na Philadelphia, tarehe 13 Julai 1985, fedha nyingi zikachangwa na chakula kikasafirishwa. Lakini katika sherehe hizo za huruma Mwethiopia mwenyewe hakupewa nafasi ya kusema, na watoto wa Ulaya wakakua wakidhani Afrika ni kambi moja kubwa ya wenye njaa. Tena picha ina udhaifu wake. Humwonyesha aliyekufa, haimwonyeshi aliyeagiza. Njaa ile haikuletwa na mvua peke yake. Kulikuwa na vita, kulikuwa na siasa za kilimo zilizomfilisi mkulima, kulikuwa na chakula kilichozuiwa kwa sababu za kijeshi. Hayo yote hayakuwamo katika ukungu wa Korem, na mtazamaji aliyekaa kwake aliona mbingu tu kuwa na hatia. Waliokufa wanakisiwa kuwa kati ya laki nne na milioni moja, na makadirio yenyewe, kwa upana wake, yanaonyesha jinsi hakuna aliyewahesabu.

Hata hivyo tulimwuliza mwalimu yule swali moja: kama picha zile zisingepigwa, heshima ya watu wale ingekuwa wapi? Je, kufa bila kuonekana ndiko kusitirika? Yeye alijibu kwamba kuna namna ya tatu, ambayo ni kuonekana na wenyewe kwa wenyewe, na kusaidiwa na jirani kabla ya mgeni. Jibu hilo lilikuwa zuri kuliko swali letu. Nasi tukakumbuka kwamba Amin alikuwa jirani.

Miaka yake iliyobaki tutaieleza kwa ufupi. Mwezi Juni 1991, baada ya utawala ule wa kijeshi kuanguka, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alikuwa akipiga picha hapo. Mwenzake John Mathai, fundi wa sauti, aliuawa. Yeye alipoteza mkono wa kushoto. Alipata mkono wa bandia, na baada ya miezi michache akawa kazini tena, jambo ambalo baadhi ya watu waliliita ushujaa na wengine ukaidi. Sisi tunafikiri mtu aliyezoea kuyaona mambo kwa kupitia kioo huenda akashindwa kuishi akiyatazama kwa macho matupu.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya shirika la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi kwake Nairobi, pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Watu watatu waliiteka nyara, wakashurutisha ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, hawakusadiki. Ndege iliishiwa mafuta juu ya bahari, ikaanguka majini karibu kabisa na ufuko wa Ngazija. Katika watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, na Mohamed Amin na Tetley walikuwa miongoni mwao. Mtalii aliyekuwa ufukoni na kamera yake ndogo aliipiga picha ndege ile ikigusa maji na kupasuka, na dunia iliona. Yamkini ni mara ya kwanza Amin alikuwa ndani ya habari kubwa, na kamera ikawa mkononi mwa mtu mwingine.

Sasa tuifikie ile sababu yetu ya faragha.

Mwaka 2006 nchi yetu ilikuwa imepatwa na ukame uliotokana na mvua haba za msimu uliotangulia. Sisi tulikuwa ofisa wa habari katika wilaya moja ambayo hatutaitaja. Msomaji aliyewahi kukaa katika maofisi anajua kwamba neno njaa halikupendwa katika majalada. Lilikuwapo neno jingine, upungufu wa chakula, nalo ni neno pana, la adabu, ambalo mtu anaweza kulitia sahihi bila mkono kutetemeka. Upungufu hupimwa kwa tani. Njaa hupimwa kwa namna nyingine. Tuliwahi kutunga shairi la kulidhihaki neno hilo la adabu, tukalisoma mbele ya marafiki, wakacheka. Lakini asubuhi tulipokaa mezani tuliliandika kama wengine.

Alikuja mwandishi wa televisheni kutoka Dar es Salaam, kijana mpole, na mpiga picha wake. Tulipewa kazi ya kuwaongoza, na tuliagizwa tuwapeleke kijiji cha barabarani, palipokuwa na ghala na magunia ya mahindi ya msaada yaliyoletwa juzi yake. Kijiji cha nyuma ya kilima, ambako tulijua watu wanakula mlenda mtupu bila ugali, na si kila siku, hakikuwamo katika ratiba. Njia panda tuliifikia saa nne asubuhi. Dereva alipunguza mwendo akatutazama. Tulimwonyesha kwa mkono njia ya kulia.

Kijana yule alifanya kazi yake vizuri. Magunia yalipigwa picha, mtendaji wa kijiji akahojiwa, watoto wakaipungia mikono kamera. Habari ilitoka kwa muda usiozidi dakika mbili, nasi tuliitazama katika kantini ya ofisi, na mkubwa wetu akatupa mkono wa pongezi. Usiku ule tuliuona tena uwanda wa Korem, ingawa ukanda wenyewe tulikuwa tumeutazama miaka minane nyuma na mara moja tu.

Jumapili tulichukua baiskeli tukaenda nyuma ya kilima. Nyumba ya kwanza tulimkuta bibi mmoja ameketi kizingitini. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatukaribisha kigoda. Hakutuuliza tumetoka wapi. Alitutambua kwa viatu.

"Mjukuu wangu," alisema, "juzi tulisikia gari likipunguza mwendo pale njia panda. Tukasema, labda zamu yetu imefika."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimpa kilo mbili za unga tulizozibeba, tukaona aibu kwa uchache wake, tukarudi. Jumatatu asubuhi tuliandika dokezo la kurasa mbili juu ya kijiji kile, tukataja idadi ya kaya tulizoziona, na katika sentensi ya kwanza tukaliandika neno lile kwa herufi zake nne. Dokezo lilirudi masijala siku ya tatu. Neno lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake pameandikwa kwa mwandiko mzuri, "upungufu wa chakula." Mengine yote yaliachwa kama yalivyo. Tulilichapa upya kama lilivyosahihishwa, likatiwa sahihi, likaenda. Ile nakala yenye wino mwekundu hatukuirudisha jaladani; iko nyumbani kwetu, kati ya madaftari ya mashairi.

Mahindi yalifika kijijini wiki ya sita. Tulikwenda na lori la kwanza, tukasimama kuyahesabu magunia yakishushwa. Nyumba ya bibi ilikuwa imefungwa kwa kamba. Jirani alituambia kwamba amechukuliwa na binti yake, kijiji cha pili, mwendo wa saa moja kwa miguu. Tulimshukuru kwa habari hiyo. Hatukwenda kutazama.